Ndani ya Begi la Mwanamitindo

Historia ya mitindo tumezoea kusimuliwa kupitia nguo. Tunaambiwa Dior alifanya nini mwaka 1947, sketi ilipanda juu ya goti lini, nani alivaa nini kwenye zulia jekundu. Leo nataka tuipitie kwa njia nyingine, wapenzi wasomaji: kupitia begi. Sizungumzii begi la dukani lenye nembo ya dhahabu. Nazungumzia lile begi lililochoka, mwanamitindo analotupia begani akienda kwenye usaili au kupigwa picha, ambalo hakuna mpiga picha anayelipiga picha.

Kwa nini begi? Kwa sababu begi la mfanyakazi linakueleza kile ambacho mwenye kazi hakumwandalia. Fundi akija kwako na ngazi yake, ujue alishakisia kwamba wewe huna. Ukifungua begi la mwanamitindo wa enzi fulani utajua kazini kwake kulikuwa na nini, hakukuwa na nini, na nani alifikiriwa kabla hajafika.

Tuanzie New York. Mwaka 1923 John Robert Powers alifungua pale wakala wa wanamitindo, biashara ambayo wakati huo ilikuwa ngeni kabisa. Wasichana wake walikuja kujulikana mjini kwa alama moja: boksi la kofia, lile la mviringo. Kofia ilikuwa jina tu. Ndani walibeba vipodozi na vikorokoro vya kazi, wakazunguka nayo toka studio moja hadi nyingine. Mpita njia akiona boksi lile alijua, huyu ni binti wa Powers. Umaarufu ukafika hadi Hollywood, wakatengeneza filamu juu yao, The Powers Girl, mwaka 1943.

Lakini tusidanganywe na uzuri wa boksi. Miaka ya 1940 na 1950, iwe New York au London, mwanamitindo alikuwa kiwanda cha mtu mmoja. Mara nyingi studioni hapakuwa na mpambaji wa uso wala msusi. Alijipaka mwenyewe, akajitengeneza nywele mwenyewe. Begi lake lilikuwa na viatu vya rangi mbalimbali, glavu fupi na ndefu, hereni na mikufu ya bandia, nywele za kuongezea, sidiria za kila namna kwa ajili ya kila namna ya shingo ya gauni. Hata mwaka 1966, msichana wa London aitwaye Lesley Hornby, ambaye dunia inamjua kama Twiggy, macho yale yaliyomtoa aliyachora kwa mkono wake: kope za bandia juu, vistari vya wino chini. Uso uliopamba magazeti ya dunia nzima ulitoka kwenye kipochi chake mwenyewe.

Baadaye mambo yakabadilika. Kadiri miaka ya 1970 ilivyosonga, mpambaji wa uso na msusi wakawa watu wa kawaida kwenye seti, wenye majina na malipo yao. Mtu wa mavazi naye akaja na viatu na mikufu. Begi la mwanamitindo likapungua uzito. Kilichobaki ni mwili wake na albamu ya picha zake, ambayo katika lugha ya kazi yao huitwa kitabu. Sisi wa fasihi tungependa hapo: mtu anaingia chumbani, anaweka kitabu mezani, watu wanakifunua kimya, kisha wanaamua hatima yake.

Sasa hapo ndipo hadithi inapogawanyika, maana begi halikupungua kwa kila mtu.

Mwaka 1958 Eunice Johnson, ambaye yeye na mumewe John walikuwa wamiliki wa jarida la Ebony la Chicago, alianzisha maonyesho ya mitindo ya kuzunguka, Ebony Fashion Fair. Wanamitindo wake, wengi wao Wamarekani weusi, walisafiri kwa basi mji hadi mji, wamevaa nguo za wabunifu wakubwa wa Ulaya na Marekani. Kumbuka hii ni Marekani ya kabla ya sheria ya haki za kiraia ya 1964, ambapo kusini hoteli na mgahawa viliweza kumfungia mlango mtu mweusi. Nyuma ya jukwaa Eunice akaona jambo: wasichana wake walikuwa wanachanganya faundesheni, ile rangi ya kupaka usoni kabla ya poda, chupa hii na chupa ile, hadi wapate kitu kinachofanana na ngozi zao. Dukani rangi hiyo haikuwepo. Akaenda kwa kampuni za vipodozi zilizokuwepo, hazikuona haja. Mwaka 1973 yeye na mumewe wakaanzisha vipodozi vyao, Fashion Fair.

Mwaka huohuo, 1973, Naomi Sims aliacha kazi ya uanamitindo akiwa kileleni. Huyu ndiye aliyekataliwa na mawakala mpaka uso wake ukatokea mbele ya toleo la mitindo la New York Times mwaka 1967, na mwaka uliofuata akawa mwanamke mweusi wa kwanza kwenye jalada la Ladies' Home Journal. Alipoacha jukwaa aliingia kwenye biashara ya wigi. Wigi za wakati ule zilitengenezwa kwa kufuata nywele za wanawake weupe, yeye akatafuta nyuzi zinazofanana na nywele za mwanamke mweusi, akizijaribu kwenye oveni ya jikoni kwake. Yaani mtu alitoa kwenye begi lake kitu alichokuwa anakihitaji, akakifanyia kiwanda.

Halafu kuna Iman. Huyu ni wa jirani kwetu. Alizaliwa Mogadishu, binti wa balozi, familia ikalazimika kuikimbia Somalia, na mwaka 1975 alikuwa anasoma sayansi ya siasa Chuo Kikuu cha Nairobi. Mpiga picha Peter Beard alimwona mtaani, akataka kumpiga picha. Iman akataka alipwe sawa na ada yake ya chuo, dola 8,000. Akalipwa. Kufika New York, Beard alishasambaza hadithi kwamba kamwokota porini, mchunga mifugo, wakati binti mwenyewe anaongea lugha tano. Hadithi hiyo imesimuliwa sana. Mimi huvutiwa zaidi na ile ndogo iliyofuata.

Mwaka 1976, kwenye kazi yake ya kwanza kwa Vogue, mpambaji alimuuliza kama amekuja na faundesheni yake. Mwanamitindo mweupe aliyekuwa naye hakuulizwa. Iman hakuwa hata mpakaji wa vipodozi. Mpambaji akampaka alichokuwa nacho, na uso ukatoka wa kijivu. Iman mwenyewe ameisimulia mara nyingi. Baada ya hapo alizunguka madukani akinunua chupa, akizichanganya, akijipiga picha za Polaroid kuona ngozi inatokaje, na mchanganyiko wake ukawa mkaaji wa kudumu wa begi lake. Mwaka 1994 ukawa kampuni, Iman Cosmetics.

Hebu tusimame kwenye swali lile. "Umekuja na yako?" Ni maneno machache, hayana tusi, pengine aliyeuliza alikuwa na nia njema. Ila yanasema kwamba wewe hukutarajiwa. Na gharama ya kutotarajiwa inatoka mfukoni mwako, kwenye muda wako, kwenye bega lako.

Tena ubaya wake ulikuwa na wenzake. Filamu za rangi zenyewe zilikuwa na upendeleo. Kodak ilikuwa inapeleka kwenye maabara za kusafishia picha kadi ya kupimia rangi, yenye mwanamke mweupe, maarufu kama kadi ya Shirley. Akitoka vizuri yeye, mashine iko sawa. Ngozi nyeusi ikitoka kama kivuli chenye meno, hilo halikuhesabiwa kuwa kosa la mashine. Na picha mbaya ikitoka, hakuna mhariri aliyesema mpambaji hakuwa na rangi, au maabara haikupima. Walisema tu kwamba binti huyu hapigiki picha. Basi, simu haimwiti tena.

Ndiyo maana mimi huwa sifurahii sana jinsi hadithi hizi zinavyosimuliwa kama hadithi za ujasiriamali. Eunice Johnson, Naomi Sims na Iman wanastahili heshima yote. Lakini tunawajua kwa sababu walishinda. Kwa kila begi lililogeuka kampuni, kulikuwa na mabegi mengine yaliyorudi nyumbani na mwenyewe asiitwe tena. Hao hawana tawasifu ya kuhakikiwa kwenye kurasa kama hizi.

Utadhani mambo haya yalikwisha na karne ile. Julai 2015 Nykhor Paul, mwanamitindo kutoka Sudan Kusini, aliandika Instagram akihoji kwa nini abebe vipodozi vyake kwenye onyesho la kulipwa, wakati wenzake weupe wanakuja mikono mitupu. Hiyo ni miaka 39 baada ya Iman. Mwaka 2017 Rihanna alitoa Fenty Beauty na faundesheni za rangi 40 kwa mpigo, kampuni kubwa zikaanza kukimbizana kuongeza rangi zao, na kumbe iliwezekana muda wote. Machi 2019 Olivia Anakwe naye akaeleza jinsi alivyokaa nyuma ya jukwaa Paris bila msusi anayejua kushika nywele zake. Chupa ilikuwa imeanza kupatikana, ila mkono wa kusuka bado.

Labda ndiyo maana vipara vina nafasi yake katika historia hii. Alek Wek wa Sudan Kusini alitokea kwenye jalada la Elle la Marekani Novemba 1997 na nywele zilizonyolewa karibu na ngozi. Mwaka 2007 Flaviana Matata wetu alitwaa taji la Miss Universe Tanzania na kipara chake, akaenda nacho Mexico kwenye mashindano ya dunia, akaingia kumi bora. Tumezoea kukisoma kipara kile kama ujasiri au urembo wa Kiafrika, na ni sawa. Mimi nakisoma pia kwa macho ya begi: hakuna wigi, hakuna pasi ya nywele, na msusi asiyejua nywele zako hana cha kuharibu.

Juzi mpwa wangu, miaka 19, mrefu kama mlingoti, aliniandikia: "Mama mdogo, Jumamosi nina usaili, nibebe nini?" Mimi huandika habari za mitindo, kwa hiyo nyumbani nimefanywa mtaalamu. Nikamwandikia orodha. Suruali na fulana nyeusi za kubana, zisizo na maandishi, ili waone umbo. Viatu virefu ulivyokwisha kuvizoea, na ndala za kutembelea. Albamu, na kadi zenye picha na vipimo vya kweli. Uso safi, nywele zilizofungwa nyuma. Kwa kupiga picha ongeza chupi na sidiria zisizo na mshono, rangi ya mwili, vitambaa vya kufutia uso, pini, wembe, mafuta ya kupaka, maji, kitu cha kutafuna, chaja, nauli ya kurudia.

Nilipoandika "rangi ya mwili" nikasita. Ukiomba nguo ya ndani ya rangi ya mwili madukani kwetu Dar es Salaam, mara nyingi utapewa ya rangi ya maziwa yenye chai kidogo. Mwili wa nani huo? Ikabidi nimfafanulie: rangi ya mwili wako, mwanangu, tafuta kahawia iliyokolea, na usipoipata chukua nyeusi.

Mwishoni nikamwambia aweke na chupa yake ya faundesheni. Iliniuma kuandika hivyo, kwa sababu ni ushauri uleule wa 1976, na hapa ni kwetu, ambako ngozi yake ndiyo ya wengi. Lakini nimeona nyuma ya majukwaa ya mji huu masanduku ya vipodozi yenye rangi kumi, na nane kati yake ni za watu weupe. Historia inatufundisha tusimtume mtoto mikono mitupu.

Nikaongeza kitu kimoja ambacho hakiingii kwenye begi. Akipata kazi, awapigie siku moja kabla na awaulize kwa adabu kama mpambaji wao ana rangi yake. Wakisema hawana, wana siku nzima ya kuitafuta, na nauli ya kuitafuta iwe juu yao.