Malaria kali: Kwa nini mtoto anahema kama katoka kukimbia?

Mtoto ana homa tangu jana. Leo anahema kwa nguvu, pumzi ndefu na za haraka. Wengi husema moja kwa moja, “hii nimonia.” Inaweza kuwa kweli. Lakini inaweza pia kuwa malaria iliyojaza asidi kwenye damu.

Asidi gani hiyo?

Ni asidi ya laktiki. Mwili huitengeneza seli zinapotumia sukari bila oksijeni ya kutosha, mfano ukikimbia mbio fupi. Ukiwa mzima, ini na figo huiondoa bila wewe kujua.

Malaria inaingiaje hapo?

1. Kimelea chenyewe. Plasmodium falciparum huishi ndani ya seli nyekundu za damu na hula sukari nyingi kuliko seli isiyo na kimelea. Inachobakiza ni asidi hiyo hiyo.

2. Foleni kwenye mishipa. Seli zenye vimelea hunata kwenye kuta za mishipa midogo. Damu inakwama, oksijeni haifiki. Mtoto akiwa na upungufu wa damu, hali inakuwa mbaya zaidi.

3. Ini na figo kuzidiwa. Asidi inaingia, haitoki.

Hapo ubongo unaamuru mapafu yaheme kwa kina ili kutoa kaboni dioksaidi na kupunguza asidi. Ndiyo pumzi unazoziona.

Watafiti wamegundua nini?

Utafiti uliofanyika Kilifi, pwani ya Kenya, na kutolewa 1995, ulifuatilia watoto 1,844 waliolazwa kwa malaria. Kati ya waliofariki, zaidi ya asilimia 84 walikuwa na shida ya kupumua au fahamu zilizopungua.

Leo Shirika la Afya Duniani (WHO) linahesabu laktiki ya milimoli 5 au zaidi kwa lita ya damu kuwa mojawapo ya alama za malaria kali.

Si dripu ya haraka tu

Zamani iliaminika kwamba kumwongezea mtoto maji mengi haraka kungesaidia. Utafiti uliofanyika Kenya, Uganda na Tanzania, uliotolewa 2011, ulionyesha tofauti. Kwa watoto wenye homa kali na mzunguko hafifu wa damu, wengi wao wakiwa na malaria, vifo ndani ya saa 48 vilikuwa asilimia 10.5 kwa waliopewa maji hayo, na 7.3 kwa wasiopewa.

Kinachookoa ni kuua vimelea mapema. Sindano ya atesuneti ilipunguza vifo kwa asilimia 22.5 ikilinganishwa na kwinini, kwa mujibu wa utafiti wa 2010 kwa watoto 5,425 barani Afrika. Wengine huhitaji pia kuongezewa damu au sukari.

Ufanye nini?

Mtoto mwenye homa akihema kwa shida, akipata degedege, akilegea au akishindwa kunyonya, usingoje kukuche. Mpeleke hospitali sasa hivi.