Mihogo ya Amani: Tarikhi ya Ilimu na Kilimo katika Milima ya Usambara

Katika mwaka wa 1893 Dakta Richard Hindorf, mjuzi wa kilimo aliyekuwa akiitumikia Kampuni ya Kijerumani ya Afrika ya Mashariki, aliagiza miche elfu moja ya katani kutoka Florida. Ikapitia Hamburg, na iliyowasili pwani yetu ingali hai ilikuwa 62 tu, ambayo ilipandwa Kikogwe, karibu na mlango wa mto Pangani. Wako wasimulizi wapendao kusema ya kuwa miche ile iliibwa Meksiko na kufichwa ndani ya tumbo la mamba aliyekaushwa. Kisa hicho sikisadiki, wala sioni haja yake, kwa kuwa ajabu ya kweli yatosha: kutokana na miche ile akali yalizaliwa mashamba yaliyoenea Tanga yote na kuvuka mipaka yake, na maelfu ya manamba wakaja kutoka bara kuyakata majani yake.

Utajiri wa namna hiyo, uliotegemea mmea mgeni katika ardhi isiyojulikana vema tabia zake, haukuweza kudumu pasipo ilimu, na kwa sababu hiyo dola ya Kijerumani ilianzisha mwaka wa 1902 taasisi ya utafiti wa mimea na kilimo huko Amani, katika msitu wa Usambara ya Mashariki, mahali palipo juu ya bahari kwa kadiri ya mita 900, penye mvua nyingi na hewa baridi. Mkuu wake wa kwanza alikuwa Franz Stuhlmann, na baada yake Albrecht Zimmermann, bingwa wa mimea aliyekuwa amekwisha kufanya kazi katika bustani mashuhuri ya Buitenzorg, Java, ambayo Amani ilikusudiwa kuiga mfano wake. Miti ilikusanywa kutoka pembe zote za dunia ikapandwa mitelemkoni. Kusudi lilikuwa biashara: kahawa, mpira, mkwinini, katani. Vita ya 1914 ilipofunga njia za bahari, maabara ya Amani iligeuzwa karakana, ikatengeneza dawa ya homa kwa askari wa Kijerumani kutoka magome ya mikwinini. Lakini muhogo, uliokuwa ukishibisha watu wa pwani na manamba wa mashambani, ulikaa pembeni, ingawa mtaalamu wa Kijerumani, Warburg, alikuwa amekwisha kuandika tangu mwaka wa 1894 habari za ugonjwa unaoyakunja majani yake katika nchi hiihii. Ndio tuuitao leo batobato.

Waingereza waliirithi Amani baada ya vita, wakaiacha ikidhoofu kwa miaka kadhaa, kisha wakaifufua katika miaka ya 1920 chini ya William Nowell. Miongoni mwa waliofika zama hizo alikuwa H. H. Storey, mtafiti wa virusi vya mimea, ambaye pamoja na R. F. W. Nichols aliushughulikia muhogo kwa subira ambayo hapo kwanza ilikuwa haki ya mazao ya kuuzwa ng'ambo. Mwaka wa 1936 Storey alitangaza kwamba kulikuwa na maradhi mengine mbali na batobato, nayo ni michirizi ya kahawia, ambayo huozesha kiazi chini ya ardhi huku majani yakionekana kana kwamba hayana neno kubwa.

Njia waliyoifuata yafaa kuelezwa kwa utulivu, maana ndiyo kiini cha habari. Muhogo haukuwa na kinga ya kutosha miongoni mwa aina zilizolimwa, ikalazimu kinga itafutwe kwa jamaa zake wa mbali, na mmoja wa jamaa hao alikuwa mti wa mpira wa Ceará, ambao Wajerumani waliupanda kwa wingi wakitumaini utajiri, mpaka bei ilipoporomoka mwaka wa 1913 na mashamba mengi yakaachwa. Mti huo hauna kiazi cha kuliwa, lakini batobato haliuwezi kirahisi. Basi ua la kike la muhogo, ambalo katika kichala kimoja hutangulia la kiume kufunguka, lilifunikwa kwa mfuko kabla halijachanua ili wadudu wasilifikie, likapakwa chavua ya mti ule wakati wake ulipowadia, likafunikwa tena. Tunda moja la muhogo halitoi mbegu zaidi ya tatu, na kila mbegu huzaa mmea usiofanana na nduguye. Chotara wa kwanza alikuwa na kinga lakini hakuwa na kiazi cha maana. Akarudishwa kuolewa na muhogo, na kizazi chake kikarudishwa tena, na tena mara ya tatu, hata kinga na kiazi vikakutana katika shina moja. Aliye bora alipopatikana hakuhitaji mbegu tena, kwa kuwa shina lake hukatwa pingili na kila pingili huwa yeye mwenyewe. Nichols aliendelea na kazi hiyo katika miaka ya 1940, na baada yake D. L. Jennings.

Makala zilizotangazwa zina majina ya mabwana hawa watatu. Lakini mtu aijuaye kazi ya kuoanisha maua haachi kuuliza ni mikono ya nani iliyofunika na kufunua mifuko ile jua kali, msimu baada ya msimu, na ni macho ya nani yaliyopita mistarini kuhesabu majani yaliyokunjamana. Kwangu mimi hao ndio wanasayansi wa kwanza wa kilimo katika nchi hii waliozaliwa humu, hata kama daftari la mishahara liliwaita vibarua.

Mtindo huu wa polepole ulikuwa na mpinzani wake. Mwaka wa 1947 serikali ya Uingereza ilianza mpango wa karanga huko Kongwa, na baadaye Urambo na Nachingwea, ukikusudia kulima zaidi ya ekari milioni tatu kwa matrekta, mengine yakiwa yametengenezwa kutokana na vifaru vya vita. Udongo wa Kongwa ukikauka huwa mgumu hata ukavunja majembe, na mvua zake hazina ahadi. Mwanzoni mwa 1951 mpango ukaachwa, na hasara ya pauni milioni 36 ikafutwa vitabuni. Wenye kudhani kuwa ilimu ya kilimo ni mashine watazame hapo.

Ofisi kuu ya utafiti ilihamishiwa Muguga, karibu na Nairobi, na majumba ya Amani yakaangukia watafiti wa malaria. Walakin mihogo haikuhama kwa amri ya ofisi. Mbegu za machotara wa Amani zilipelekwa Nigeria katika miaka ya 1950, na shina lililotokana nazo likawa, baada ya kituo cha kimataifa cha utafiti wa kilimo kuanzishwa Ibadan mwaka wa 1967, msingi wa aina mpya zilizoundwa na S. K. Hahn na wenzake. Batobato kali lilipoitwaa mihogo ya Uganda katika miaka ya 1990, likienezwa na inzi mweupe, aina zenye damu hiyo zilikuwa miongoni mwa zilizorudisha chakula. Zikawa zimezunguka bara zima na kurejea karibu na zilikoanzia. Chotara mwingine wa Amani, namba 46106/27, bado yupo mashambani: Wakenya wa pwani humwita Kaleso, na uchunguzi wa vinasaba umeonyesha kuwa Namikonga ilimwayo kusini mwa Tanzania ni mmea uleule.

Kazi zilizotokana na ilimu hii zimeongezeka kupita bwana shamba na bibi shamba tuliowazoea. Kitivo cha kilimo kilichofunguliwa Morogoro mwaka wa 1969, na kugeuka Chuo Kikuu cha Sokoine mwaka wa 1984, kimetoa wazalishaji wa mbegu, wakaguzi wa mbegu, na vijana waoteshao vipande vya muhogo ndani ya chupa za maabara ili vitoke bila virusi. Kutokana na maelfu ya picha za majani zilizopigwa mashambani, nyingine karibu na Bagamoyo, imeundwa programu ya simu iitwayo Nuru, ambayo hulitazama jani na kutaja ugonjwa kwa Kiswahili. Kwa batobato, chombo hicho kina manufaa makubwa. Kwa michirizi ya kahawia mambo ni magumu zaidi, maana jani laweza kuonyesha dalili hafifu na kiazi kimekwisha kuoza. Kwa hiyo afisa wa leo, pamoja na simu yake, hana budi kung'oa shina na kukikata kiazi kwa kisu ili aone ndani, na mwenye shamba, kwa haki kabisa, humwuliza ni nani atakayelilipa.