Ufanisi wa nishati: istilahi na hesabu yake kwa kaunti

Miasenyi, katika nyika iliyo kati ya Mackinnon Road na Voi, mizigo ya Mombasa hupita kwa njia mbili zilizo jirani: malori kwenye barabara kuu ya Nairobi, na mabehewa kwenye reli ya SGR iliyoanza kazi mwaka 2017. Garimoshi linaloyavuta mabehewa hayo linakunywa dizeli kama lori, na moshi linatoa. Lakini kwa kila tani linayoivuta, kila kilomita, dizeli yake ni kidogo, kwa kuwa gurudumu la chuma juu ya chuma lina msuguano mdogo kuliko tairi juu ya lami. Hapo pana ufanisi wa nishati, ila nishati yenyewe si safi. Igeuze hali hiyo: ofisi ina paneli za sola juu ya bati, na chini ya bati hilo zinawaka balbu za kizamani zinazotoa joto kuliko mwanga. Hapo pana nishati safi isiyo na ufanisi.

Dhana hizi mbili zimezoeleka kutajwa kwa pumzi moja kwenye hotuba na mipango ya kaunti. Afadhali tuzitenganishe, kwani kila moja ina gharama zake na faida zake.

Maana

Ufanisi wa nishati ni uwiano kati ya kazi iliyopatikana na nishati iliyotumika kuipata. Kwa pampu, ni lita za maji kwa kila yuniti (kilowati-saa) ya stima. Kwa taa, ni mwanga kwa kila wati: balbu ya zamani ya wati 60 na balbu ya LED ya wati 8 au 9 hutoa mwanga unaokaribiana. Kinachotofautiana ni bili.

Neno hili lisichanganywe na kubana matumizi. Anayezima feni ya wodi ili bili ishuke amebana: stima imepungua, na huduma nayo imepungua. Anayeweka feni isiyokula stima nyingi ameongeza ufanisi, na mgonjwa bado anapepewa. Nishati safi nayo ni suala jingine kabisa. Inahusu chanzo: jua, upepo, maji, mvuke wa ardhini.

Tafsiri

Nchini Kenya tuna maneno mengi kwa jambo hili. Wizara inaitwa ya Kawi, nyumbani tunalipia stima, na vitabuni tunasoma nishati. Tanzania wamesimama na nishati, na Wizara yao hupendelea kusema “matumizi bora ya nishati”.

“Ufanisi wa nishati” una tatizo lake. Ufanisi unatokana na kufana, na kwa Mkenya wa kawaida maana yake ni mafanikio: mwanafunzi amepata ufanisi, biashara imepata ufanisi. Asiyezoea istilahi hii anaweza kudhani inazungumzia kufaulu kwa miradi ya stima. “Matumizi bora” yanaeleweka upesi zaidi, lakini yanamwelekeza msikilizaji kwenye tabia ya mtu, wakati mara nyingi kasoro iko kwenye mtambo. Pendekezo langu ni kugawana kazi: “matumizi bora ya nishati” yawe jina la sera na mafunzo, na “ufanisi wa nishati” ubaki pale ambapo kuna kipimo na tarakimu. Kaunti ikitaja ufanisi bila tarakimu, bado haijasema kitu.

Kwa nini ni jambo la kaunti

Jedwali la Nne la Katiba ya 2010 liliyapa magatuzi hospitali na zahanati, huduma za maji, na taa za barabarani. Zote hizi zinakula stima. Jedwali hilo hilo linataja usambazaji wa umeme na gesi katika mipango ya kaunti, na Sheria ya Nishati ya 2019 inaitaka kila kaunti iandae mpango wake wa nishati. Kanuni za mwaka 2012 nazo zilitaka jengo au mtambo unaotumia yuniti 180,000 au zaidi kwa mwaka ufanyiwe ukaguzi wa nishati kila baada ya miaka mitatu.

Tuchukue mfano wa kukokotoa tu. Mji una taa 100 za barabarani za wati 250 kila moja. Usiku wetu ni wa takriban saa 12 mwaka mzima, kwa hiyo taa hizo hula yuniti 300 kwa usiku. Zikibadilishwa kuwa LED za wati 100, zitakula 120. Yuniti 180 zimeokolewa kila usiku, sawa na 65,700 kwa mwaka. Tukikadiria yuniti kwa shilingi 20, hiyo ni shilingi 1,314,000. Ikiwa kila taa, pamoja na fundi wake, imegharimu shilingi 25,000, mradi wote ni milioni 2.5, na fedha zimerudi kabla ya miaka miwili kwisha. Huo ndio muda wa kurejesha gharama, istilahi ya pili ambayo kila mwakilishi wadi angepaswa kuwa nayo mdomoni.

Kama hesabu ni nyepesi hivyo, mbona haifanywi kila mahali? Sababu moja imo ndani ya bajeti yenyewe. Taa mpya hununuliwa kwa fedha za maendeleo, bili hulipwa kwa fedha za matumizi ya kawaida. Idara inayogharimika leo si lazima iwe ndiyo itakayoona nafuu kesho. Na bili haina sherehe ya kuzinduliwa. Mlingoti mpya wa taa za “mulika mwizi” unakatiwa utepe. Bili iliyoshuka haipigwi picha.

Nishati safi na bei yake

Zaidi ya asilimia 80 ya umeme unaozalishwa Kenya tayari unatokana na mvuke wa ardhini, maji, upepo na jua. Kwa hospitali ya Voi iliyounganishwa na gridi, basi, faida kubwa ya sola ni bili ndogo na kuendelea na kazi stima inapopotea. Hewa haibadiliki sana. Kisima cha nyikani kinachovutwa kwa jenereta ni habari nyingine. Hapo sola inaondoa moshi, bei ya dizeli na safari ya kuifuata dizeli yenyewe. Tena maji hayahitaji betri: pampu inafanya kazi mchana, tangi linahifadhi.

Kwenye betri ndipo gharama inapojificha. Paneli hudumu miaka 25 hivi. Betri za risasi huchoka baada ya miaka michache tu. Taa ya sola iliyonunuliwa bila fungu la betri ya pili itakuwa mlingoti mtupu, hata kama paneli yake bado nzima. Ongeza vumbi la nyika juu ya paneli, wizi wa vifaa, na fundi anayetoka mbali.

Utaratibu, kwa hiyo, una maana: pima, punguza mahitaji, kisha nunua sola. Mahitaji yakishuka kwa nusu, paneli na betri zinazotakiwa nazo hushuka. Wahenga walisema pakacha likivuja ni nafuu ya mchukuzi. Kwa stima ni kinyume, kwa kuwa hicho kinachovuja kinalipiwa na mchukuzi huyo huyo, naye ni mlipa kodi.

Makadirio ya bajeti ya kaunti hufikishwa katika bunge la kaunti kufikia tarehe 30 Aprili, na kabla ya hapo umma huitwa kutoa maoni. Ukiitwa, wa Miasenyi, Maungu au Voi, usiishie kuomba taa. Uliza mambo matatu: taa hizo zitakula yuniti ngapi, fedha zitarudi baada ya muda gani, na nani ametengewa fungu la kuzitunza. Asiyekuwa na majibu hayo hajaleta mradi, ameleta ahadi.