Alfajiri ya uongo na profesa aliyeifuata hadi Misri

Mei 12, 2024, intaneti ilipozorota kuanzia Kenya hadi Msumbiji, kila baraza lilipata mhandisi wake. Siku mbili kabla, Jua lilikuwa limeipiga Dunia kwa dhoruba kubwa kuliko zote tangu 2003, basi watu wakajumlisha: Jua limekata nyaya. Kumbe zilikatika nyaya mbili za chini ya bahari, EASSy na Seacom, huko upande wa Afrika Kusini. Dhoruba ya Jua haina meno ya kukata waya uliolala chini ya bahari.

Lakini ubishi ule ulizaa mwingine. Simu ziliporudi hewani, nikaanza kutumiwa video za watu wanaodai kwamba Jua halijiwakii lenyewe, ni taa inayolishwa umeme kutoka nje. Kwamba mabonde ya Mirihi yamechongwa na radi. Kwamba hata vimondo na sayari ni kazi ya umeme. Nikataka kujua habari hizi zimeanzia wapi. Zilinipeleka pasipotarajiwa: kwenye mwanga ambao Wamwani wa Ibo, Mocímboa da Praia na Palma, kaskazini mwa Msumbiji, wanaujua tangu utotoni.

Mzee mmoja wa Mocímboa da Praia, mvuvi aliyewahi kusomesha chuoni, sasa anaishi Mtwara, kama wengi waliovuka Ruvuma baada ya vita kuanza huko Oktoba 2017. Nilipomuuliza juu ya mwanga huo, hakusema mengi. Aliinua kiganja, vidole vikiwa vimebanana na kuelekea juu: hii, alisema, ni alfajiri ya uongo. Kisha akakilaza kiganja na kukipeleka kulia na kushoto: hii ndiyo ya kweli. Ya kwanza husimama wima mashariki, nyembamba juu na pana chini. Wanachuoni huifananisha na mkia wa mbwamwitu. Ikionekana, mfungaji anaendelea na daku lake bila wasiwasi. Ya pili ikishatanda kwenye upeo, weka chini kikombe.

Mwanga huo wa kwanza ndio uliomtoa profesa wa fizikia, Kristian Birkeland, kwao Norway.

Birkeland alizaliwa 1867. Alijenga kituo cha utafiti juu ya mlima Haldde, kwenye baridi kali, akasema mianga inayocheza anga la kaskazini inaletwa na chembe za umeme kutoka kwenye Jua. Ili kuonyesha, alining'iniza mpira wenye sumaku ndani ya sanduku la kioo lililoondolewa hewa, akaupitishia umeme, na mpira ukavaa pete za mwanga kwenye ncha zake. Ukitazama picha zake unaelewa kwa nini kichwa kilimpanda. Akaugeuza mpira uleule kuwa Zohali na pete zake, kisha kuwa Jua, na hatimaye akadai kwamba sayari zenyewe zilizaliwa kwa nguvu za umeme.

Fedha za utafiti alizitafuta kwa vituko. Februari 6, 1903, katika ukumbi wa chuo kikuu, alionyesha mzinga unaorusha risasi kwa umeme badala ya baruti. Wanunuzi wa silaha walikuwepo. Alipobonyeza swichi, umeme ulipiga shoti, ukaruka mwali na mlio wa kutisha, na biashara ya mzinga ikaishia palepale. Haikupita muda mrefu, mhandisi Sam Eyde akamwambia anatafuta radi kubwa kuliko zote duniani, ya kuunguza hewa ili itoe mbolea. Birkeland alikuwa nayo, na radi iliyomwaibisha ikazaa kampuni ya Norsk Hydro mwaka 1905. Tawi lake la mbolea ndilo lililokuja kuwa Yara, ambayo mifuko yake mkulima wa Mbeya anaijua. Mara ngapi tumebeba mfuko ule begani bila kujua kwamba mzizi wake ni mzinga ulioshindwa?

Akaenda Sudan, kisha akapiga kambi Helwan, Misri, kuichunguza alfajiri ya uongo, akiamini nayo ni umeme wa Jua. Mwandishi Lucy Jago, katika kitabu chake cha 2001, anamwonyesha akiwa hapati usingizi, akimeza dawa ya veronali, na akiamini kwamba Waingereza wanampeleleza. Vita vya Kwanza vya Dunia vilimfungia njia ya Ulaya, akaamua kurudi kwao kwa kuzunguka Asia. Juni 15, 1917 alikutwa amekufa hotelini Tokyo kwa kuzidisha veronali. Alikuwa na miaka 49.

Kuhusu mianga ya kaskazini alikuwa sahihi kwa sehemu kubwa. Wakubwa wa sayansi Uingereza, hasa Sydney Chapman, waliukataa umeme wake kwa miaka mingi, hadi setilaiti za miaka ya 1960 zilipougundua; leo unaitwa mikondo ya Birkeland. Kuhusu alfajiri ya uongo alikosea. Ile ni nuru ya Jua inayogonga vumbi lililotapakaa kati ya sayari. Hakuna umeme.

Hapo ndipo wenye mawazo ya zile video walipoteleza: wakaokota ushindi wake mmoja na kuutumia kama hati ya kila kitu. Kabla ya ushindi huo, mwaka 1950, Immanuel Velikovsky alikuwa ameandika kwamba Zuhura ilichomoka kwenye Mshtarii. Ralph Juergens akaligeuza Jua kuwa taa ya umeme, na Wallace Thornhill na David Talbott wakayabeba hayo hadi karne hii. Vipimo vya neutrino, chembe zinazotoka kwenye kiini cha Jua, huko Sudbury, Kanada, mwaka 2001 na 2002 vilionyesha kwamba Jua linawaka kwa nyuklia kutoka ndani yake. Hoja imekwisha, ingawa video hazijaisha.

Kinachoniuma ni kwamba kijana wa pwani anayeeneza video hizo hajawahi kuonyeshwa mkia wa mbwamwitu. Ratiba ya Ramadhani imo kwenye simu, na aliyejua kuusoma usiku yuko ukimbizini. Shule zetu hazimwiti.

Mwalimu unayesoma hapa, siku isiyo na mwezi waamshe watoto saa kumi usiku kwa saa za Tanzania, saa tisa kwa saa za Msumbiji, uwasimamishe ufukweni mbali na taa, watazame mashariki.