Akitoka Jandoni Yataisha

Kiirua kuna vumbi, kuna upepo mkavu, na sijaona shule isiyo na mvulana anayefikicha macho. Mdogo wangu wa miaka 12 ni mmoja wao. Macho mekundu, tongotongo za kunata, jua la saa sita halivumilii. Nyanya yetu hana wasiwasi: "Muache tu. Akitoka jandoni yataisha."

Mimi si daktari. Hata digrii sina, niliacha chuo mwaka wa pili. Lakini kusoma sijaacha, na kauli ya nyanya ilinifanya nichimbe historia ya ugonjwa huu.

Mwaka 1876, Theodor Saemisch, daktari wa macho Mjerumani, aliuita mafua ya macho ya majira ya kuchipua. Kwao Ulaya wagonjwa walizidiwa baridi ikiisha na miti ikitoa maua. Jina hilo likaganda. Mpaka leo madaktari wanatumia neno la Kilatini la majira hayo, hata huku kwetu ambako hakuna majira ya kuchipua. Utafiti wa shule za Rwanda uliochapishwa mwaka 2011 ulikuta takriban watoto 4 kati ya 100 wakiwa nao. Ni aina ya mzio, na vumbi na joto huuchochea.

Lakini vumbi halichagui. Mbona basi wavulana wadogo ndio wengi, kisha wakibalehe wengi wanapona na pengo kati yao na wasichana linapungua? Hapo ndipo homoni zikaanza kushukiwa. Mwaka 1995, Stefano Bonini na wenzake nchini Italia walionyesha kwamba ngozi laini inayofunika weupe wa jicho, kwa wagonjwa hawa, ina vipokezi vya estrojeni na projesteroni. Kipokezi ni kama kitasa, homoni ndiyo ufunguo. Haikuthibitisha kwamba homoni ndizo chanzo, ila ilionyesha kuwa jicho nalo husikia habari za balehe.

Kwa hiyo nyanya yuko sawa? Nusu.

Nusu ya pili iko kwenye konea, kile kioo angavu kilicho mbele ya mboni. Mwaka 1854, John Nottingham, daktari wa Liverpool, aliandika kitabu kizima kuhusu konea inayokonda na kuchongoka kama koni. Leo tunaiita keratokonasi. Mara nyingi huanza umri ule ule wa kubalehe, na kwa baadhi ya wanawake huzidi wakiwa wajawazito. Mwaka 2007, Eberhard Spoerl na wenzake wa Dresden waliloweka konea za nguruwe kwenye estrojeni, zikavimba na kupoteza ugumu wake. Nguruwe si binadamu, sawa, lakini unaona mambo yanaelekea wapi.

Sasa unganisha. Mtoto anafikicha macho miaka mitano, sita. Kufikicha huko kunahusishwa sana na keratokonasi. Halafu balehe inafika: muwasho unaondoka, familia inashukuru Mungu, na kumbe ndio wakati konea inaweza kuanza kuchongoka kimyakimya. Kijana anabadilisha miwani kila mwaka na bado ubao hauoni vizuri. Wanasema ni mvivu.

Kuna la kufanya. Kitambaa cha maji baridi badala ya vidole. Dawa za matone za mzio kutoka kliniki ya macho. Matone ya steroidi usijinunulie dukani, yakitumika ovyo huleta glakoma na mtoto wa jicho. Na umbo la konea lipimwe mapema. Njia ya kuikaza kwa vitamini B2 na mwanga wa urujuanimno, iliyoelezwa na timu ya Dresden mwaka 2003, inapatikana pia Nairobi. Kazi yake ni kuzuia isizidi kuharibika, kwa kawaida hairudishi uwezo wa kuona uliokwisha kupotea.

Jando lina tarehe yake, na nyumbani tunaanza kuipangia miezi mapema. Kipimo cha konea nacho kiingie kwenye mpango huo, kabla ya sherehe, si baada.