Mawese, Mise na Sabuni: Mafuta ya Ngozi katika Historia ya Fizi na Baraka

Historia ya mwambao wa magharibi wa Ziwa Tanganyika imezoea kusimuliwa kwa pembe, watumwa, dhahabu na bunduki. Msomaji anayetaka kujua habari za Fizi na Baraka huelekezwa kwenye misafara ya Waarabu na Waungwana, kisha kwenye uasi wa 1964, kisha kwenye vita vya 1996 na 1998. Hakuna ubaya katika hilo, kwani mambo hayo yalitokea na yaliwaumiza watu. Hata hivyo, kuna bidhaa iliyopita katika vipindi vyote hivyo bila kutoweka sokoni, nayo haijapewa nafasi yake na wanahistoria. Bidhaa hiyo ni mafuta ya mchikichi, ambayo watu wa huko wameyala, wameyawashia taa, wameyapaka mwilini na hatimaye wameyapikia sabuni. Makala haya yanachunguza matumizi hayo mawili ya mwisho. Swali lake ni jepesi kutamka: kwa nini kitu cha bei nafuu kabisa cha kutunzia ngozi kimedumu katika eneo ambalo takriban kila kitu kingine kimevunjika?

Yafaa kuanza na ardhi yenyewe. Uso wa ziwa uko kiasi cha mita 770 juu ya usawa wa bahari, na ukanda mwembamba ulio kati ya maji na milima ni wa joto na unyevu wa kutosha kuupendeza mchikichi. Baraka imekaa katika ukanda huo, kwenye ghuba inayofungwa upande wa mashariki na rasi ya Ubwari. Kadiri mtu anavyopanda kuelekea nyanda za juu za Itombwe, michikichi hupungua na mwishowe hukoma. Huko juu ni nchi ya malisho, na katika utamaduni wa wafugaji wenye asili moja na wale wa Rwanda na Burundi, kipodozi cha mwili ni siagi ya ng'ombe. Kwa hiyo, tarafa ya Fizi ilikuwa na mafuta mawili ya ngozi yaliyogawanywa na mwinuko wa ardhi. Mafuta ya mti yalitawala bondeni, na mafuta ya mnyama yalitawala mlimani. Siasa za miaka ya karibuni zimewafanya wengi wautazame mpaka huo kama mpaka wa kabila tu, na kusahau kwamba ulikuwa pia mpaka wa biashara ambamo kila upande ulikuwa na kitu ambacho ardhi ya mwenziwe haikutoa.

Ushahidi wa maandishi unaanza mwaka 1858, Richard Burton na John Speke walipofika Ujiji. Mwezi wa Aprili walisafiri kwa mitumbwi hadi Uvira, wakipitia Ubwari, ambako Burton alikudhani kuwa ni kisiwa. Katika kitabu chake cha 1860 alieleza namna mawese yalivyopatikana: nyama ya tunda hutwangwa na kutengwa na kokwa, huchemshwa kwa maji kwa saa kadhaa, na mafuta yanayoelea hukusanywa katika vyungu vikubwa. Ladha yake haikumpendeza, na hakulificha jambo hilo. Lakini alishuhudia kwamba hakukuwa na mafuta mengine ya kujipaka wala ya taa katika nchi hiyo. Aliandika pia bei yake, takriban ratili 35 kwa doti moja ya kitambaa cheupe, yaani kiasi cha kilo 16 za mafuta kwa vazi la mtu mmoja. Aliongeza kuwa wenyeji walipendelea kulipwa kwa chumvi. Kwa kipimo chochote hiyo ilikuwa bei ya chini, na kutokana nayo inaeleweka kwa nini mafuta hayo yalikuwa ya kila mtu badala ya kuwa pambo la wakubwa.

Hapa ndipo panapofaa kulinganisha na mwambao wa Bahari ya Hindi. Unguja, Lamu na Mombasa zilikuwa na mafuta ya nazi kwa matumizi ya kila siku, na juu yake zikajenga sanaa nzima ya manukato: liwa inayosagwa juu ya jiwe, singo ya bibi arusi, manjano, udi. Sanaa hiyo ilikwenda bara pamoja na Waungwana, ila vifaa vyake vilikuwa ghali mno kufika mbali. Liwa iliyobebwa kichwani kutoka Bagamoyo hadi Ujiji, kisha ikavushwa ziwa, haikuweza kuwa ya mke wa mvuvi. Kilichosafiri kwa urahisi zaidi kuliko liwa ni maneno. Neno sabuni, ambalo Waswahili walilipata kwa Waarabu, lilifika ziwani na kuvuka. Mawese nalo ni neno ambalo leo hakuna Mswahili wa Dar es Salaam anayelishangaa. Tofauti ndogo zimebaki. Tunda ambalo Tanzania huitwa chikichi, upande wa Kongo husikika zaidi kama ngazi, na kitenzi cha kujipaka mafuta huko ni kupakala, umbo ambalo mwalimu wa Kiswahili sanifu huwa na haraka ya kulisahihisha kuliko kulichunguza.

Si mawese tu yanayotoka katika mchikichi. Ndani ya kokwa mna kiini kiitwacho mise. Kokwa hupasuliwa kwa jiwe, mise hukaangwa mpaka zinakuwa nyeusi, hutwangwa, huchemshwa, na mafuta huenguliwa juu. Ni kazi ya kuchosha mikono na macho, na faida yake kwa ujazo ni ndogo. Lakini kwa ngozi na nywele mafuta ya mise yana sifa ambayo mawese hayana: hayaachi wekundu kwenye nguo. Wekundu wa mawese unatokana na karotini, na mama aliyempaka mtoto mawese kisha akambeba kwa kitenge cheupe anajua gharama yake. Tofauti ya kikemia ni kubwa vilevile. Mawese yana asidi ya palmitiki kwa zaidi ya theluthi moja, nayo hutoa sabuni ngumu isiyoyeyuka upesi. Karibu nusu ya mafuta ya mise ni asidi ya lauriki, nayo hutoa sabuni yenye povu jingi. Atakayechanganya mafuta hayo mawili kwa kadiri nzuri amepata kile ambacho viwanda vya Ulaya vilitumia wanakemia kukitafuta.

Isidhaniwe kwamba kupaka mafuta lilikuwa jambo la usafi pekee. Babembe wa Fizi ni jamaa wa karibu wa Balega, na jamii zote mbili zina chama cha bwami. Daniel Biebuyck, aliyefanya utafiti huko katika miaka ya 1950, ameonyesha kwamba sanamu za pembe za wakuu wa bwami wa Balega zilipakwa mafuta ya mbarika na kung'arishwa, kama vile wenye cheo walivyojipaka wao wenyewe. Pembe iliyopata rangi ya asali kwa kupakwa miaka na miaka ilihesabiwa kuwa imekomaa. Mwili ung'aao ulikuwa mwili ulio katika hali njema, na ngozi kavu yenye ukurutu ilisomwa kama dalili ya upweke, maombolezo au kukosa ndugu wa kumtazama mtu. Jambo hili linastahili kukumbukwa pale vipodozi vya dukani vitakapotajwa, kwa sababu hapa sifa ilikuwa mng'ao. Weupe haukuwa na nafasi katika kipimo hicho.

Sabuni ngumu iliyouzwa kwa vipande ilikuja na wakoloni. Mwaka 1911 serikali ya Ubelgiji ilitiliana sahihi na William Lever, mwenye sabuni ya Sunlight, mkataba uliozaa kampuni ya Huileries du Congo Belge. Kampuni iliruhusiwa kujichagulia hadi hekta 750,000 za michikichi katika maeneo matano. Fizi haikuwa ndani ya maeneo hayo, na kwa hilo ilibahatika. Katika Kwilu, ambako kituo cha kampuni kiliitwa Leverville, ukataji wa ngazi uligeuka shuruti, na shuruti hiyo ilikuwa mojawapo ya sababu za uasi wa Wapende wa 1931. Historia ya sabuni iliyosifiwa Ulaya kwa kuleta usafi na ustaarabu ina viboko ndani yake. Ina pia mzunguko wa ajabu wa bei: mkulima aliuza mafuta kwa bei aliyopangiwa, mafuta yakavuka bahari, kisha mkulima huyohuyo akanunua kipande cha sabuni kwa bei nyingine aliyopangiwa.

Njia ya kuukwepa mzunguko huo ilikuwepo. Watu wa maziwa walijua tangu zamani kuchuja majivu ya mimea ili kupata chumvi, na maji ya majivu ndiyo hayohayo yanayogeuza mafuta kuwa sabuni laini. Majivu ya vichala vya ngazi vilivyokwisha kupukuchuliwa yanafaa sana kwa kazi hiyo. Kostiki soda ilipoanza kupatikana madukani, sabuni ya nyumbani ikawa ngumu na ikaweza kukatwa vipande na kuuzwa. Huenda mtu akaiita sabuni hiyo ya kienyeji, na akakosea kwa nusu, kwani magadi yake ni ya kiwandani. Pia si salama kila mara. Mpishi akizidisha kostiki, au asipoiacha sabuni ikomae kwa majuma kadhaa, ngozi huungua. Wanaoisifu bila kulitaja hilo hawawasaidii wanaoitumia.

Kisha ikaja 1964. Mwezi wa Mei waasi wa Simba waliiteka Uvira, na Fizi ikawa ngome yao. Che Guevara alikaa katika milima ya Fizi, juu ya Kibamba, kuanzia Aprili hadi Novemba 1965. Baada yake, mwaka 1967, Laurent-Désiré Kabila alianzisha chama cha PRP, kilichoshika sehemu za milima hiyo kwa takriban miaka ishirini. Serikali ya Mobutu ilijibu kwa kulitenga eneo hilo. Bidhaa za nje ziliingia kwa mtumbwi kutoka Kigoma, na kilicholipia ni dhahabu na pembe. Katika hali kama hiyo, haielekei kwamba mafuta ya kopo yangeweza kuwa ya kawaida nyumbani. Mchikichi haukuhitaji barabara wala kibali. Hapa pana sehemu ya jibu la swali letu, nalo haliwapendezi wanaopenda kuita kila kinachodumu mila: mawese yalidumu mwilini kwa kiasi fulani kwa sababu duka lilikuwa mbali na bunduki ilikuwa karibu.

Kwani pale duka lilipokuwa karibu, mambo yalikwenda vingine. Katika miji ya Afrika Mashariki na ya Kongo, miaka ya 1960 na 1970, sabuni na krimu za kubadilisha rangi zilienea sana. Nyingi zilikuwa na zebaki. Mwaka 1972 madaktari wa Nairobi walichapisha uchunguzi wa watu wazima waliougua figo, na kati yao zaidi ya nusu walikuwa wametumia krimu za aina hiyo. Jumuiya ya Ulaya iliiondoa zebaki katika vipodozi vya watu wake kwa agizo la 1976, lakini kwa miaka mingi baadaye sabuni za zebaki zilizotengenezwa huko ziliendelea kupelekwa Afrika. Haidrokwinoni ilishika nafasi yake. Ulaya iliipiga marufuku katika vipodozi mwaka 2001, na Waswahili wa Tanzania wakaupa mchanganyiko wa namna hiyo jina lililo wazi kabisa, mkorogo. Mkataba wa Minamata wa 2013 uliweka mwaka 2020 kuwa mwisho wa kutengeneza na kuuziana vipodozi vyenye zebaki kupita sehemu moja katika milioni. Marufuku ya karatasi hufika polepole kwenye meza ya mchuuzi wa ziwani. Kilichokuwa hatarini hapa kilikuwa kikubwa kuliko pesa ya mnunuzi: kipimo cha mng'ao kilikuwa kinabadilishwa kwa kipimo cha weupe, na mawese hayawezi kushindana katika kipimo hicho.

Upande wa pili wa sabuni ni uhai wenyewe. Kipindupindu kimekuwa kikirudi katika mwambao wa Uvira, Baraka na Fizi tangu miaka ya 1970, na katika mji ambao maji ya kunywa hutekwa ziwani, kipande cha sabuni huingia katika hesabu ya dawa. Wakati wa vita vya 1996 maelfu ya Babembe na majirani zao walivuka kwenda Kigoma, na kambi za Nyarugusu na Lugufu zikafunguliwa. Kipimo cha shirika la UNHCR kilikuwa gramu 250 za sabuni kwa mtu kwa mwezi. Mkimbizi wa Fizi aliyepewa kipande hicho alikuwa katika mkoa ambao ni kitovu cha michikichi ya Tanzania, mkoa wa soko lilelile ambalo Burton aliliandikia bei mwaka 1858. Lugha ilikuwa moja, mafuta yalikuwa mamoja, na aliyewahi kupika sabuni nyumbani hakuhitaji kufundishwa upya.

Safari za kurudi kwa meli kutoka Kigoma hadi Baraka zilianza Oktoba 2005. Mchikichi huanza kuzaa katika mwaka wa nne hivi na huendelea kwa miaka ishirini na zaidi. Miti iliyopandwa mwaka ule wa kukimbia ilikuwa imekwisha kuzaa kwa misimu kadhaa pasipo mvunaji, na ile ya zamani ilikuwa imerefuka kiasi cha kuhitaji kamba ya kukwelea. Waliorudi walikuta nyumba nyingi zimebomoka, mashamba yamefungwa na majani, na ngazi juu.