Mtepe ulikwisha, jahazi je?

Wapenzi wa magari ya zamani nchini Kenya wana siku yao. Tangu mwaka 1970 Nairobi hufanyika mashindano ya Concours d'Elegance, ambapo magari yaliyotunzwa hupangwa uwanjani na majaji wakayakagua kuanzia rangi hadi uvungu. Mwaka 2003 zikaongezeka mbio za East African Safari Classic, zinazorudisha barabarani magari ya enzi ambazo Safari Rally ilikuwa sikukuu ya nchi nzima. Enzi hizo ndizo za Peugeot 504, gari lililoshinda Safari mwaka 1975 na tena 1978, na ambalo abiria wa kawaida walilijua kwa jina la pijo, kwa kuwa ndilo lililowachukua mji hadi mji wakiwa wamebanana. Ng'ambo mapenzi haya yamekuwa biashara ya kutisha: Mei 2022 Mercedes-Benz 300 SLR moja iliuzwa kwa yuro milioni 135.

Lamu ina historia nyingine. Mitaa ya Mji wa Kale, ulioingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2001, ilijengwa kwa kipimo cha mtu na punda, na kwa miongo mingi gari lililojulikana kisiwani lilikuwa moja, Land Rover ya Mkuu wa Wilaya. Pikipiki zimeingia miaka ya karibuni na zimekuja na ugomvi wake. Lakini ukikaa barazani na watu wazima ukawauliza ni kitu gani kilichowahi kuwachukua watu wa hapa na ambacho kinastahili kuliliwa, hutasikia habari ya gurudumu. Utasikia habari ya chombo cha matanga. Na juu ya vyombo vyote utatajiwa kimoja ambacho hata wazee wa leo wamekisikia tu kwa wazee wao: mtepe.

Mtepe ulikuwa chombo cha kushonwa. Fundi alitoboa mbao kwa keekee, akapitisha kamba ya makumbi ya nazi tundu kwa tundu, akaikaza mpaka ubao ukashikana na mwenziwe, kisha akayaziba matundu. Ndani ya unene wa mbao alitia vijiti vya kuzizuia zisiteleze. Hapakuwa na msumari wa chuma. Tanga lake lilikuwa mkeka wa pembe nne uliosukwa kwa miyaa. Mbele, gubeti lilinyoosha shingo kama ya ngamia, nalo likachorwa macho, likavishwa hirizi na vibendera. Wako waliosema shingo ile ni ukumbusho wa ngamia wa Mtume. Ndugu yake, dau la mtepe, hakuwa na shingo hiyo, lakini naye alishonwa vile vile. Mafundi wake mashuhuri walikuwa Wabajuni wa visiwa hivi.

Kazi hiyo ni ya kale kuliko karibu kila kitu tunachojivunia pwani. Periplus, mwongozo wa mabaharia ulioandikwa kwa Kigiriki katika karne ya 1, unataja vyombo vya kushonwa katika upande huu wa Afrika, na unasema mji wa Rhapta ulipata jina lake kutokana navyo. Vasco da Gama alipofika Msumbiji mwaka 1498, watu wake walikuta vyombo vya kushonwa vyenye matanga ya mkeka. Gari la kwanza la Karl Benz ni la mwaka 1886, na hadi leo halijafikisha miaka 150. Ushonaji wa vyombo ulidumu pwani hii zaidi ya miaka 1800.

Kwa nini udumu hivyo? Watu wengi huona kushona ni dalili ya ufukara, kwamba chuma kilikosekana. Chuma kilikuwa ghali kweli, lakini sababu hiyo haitoshi. Ibn Battuta, aliyepita pwani hii mwaka 1331, alieleza alipoandika juu ya kamba za makumbi kwamba chombo cha misumari kikigonga mwamba huvunjika, lakini cha kushonwa hulegea kidogo na kuhimili. Anayezijua bahari za Kiwayuu, Siyu na Faza ataelewa mara moja. Maji ni mafupi, miamba imejificha, vijito vya mikoko hukauka maji yakitoka. Mtepe uliweza kuketi juu ya mchanga ukapakiwa boriti, maji yakajaa, ukaelea na kwenda zake Mombasa au Unguja. Ulikuwa umeundwa kwa ajili ya bahari yake na kwa ajili ya kazi yake.

Gharama yake nayo ilikuwepo. Mtepe ulivuja. Mabaharia walikumba maji usiku na mchana kwa zamu, na kamba zilipooza ilibidi chombo kishonwe upya. Misumari ya chuma ilipopatikana kwa bei rahisi, na nguo ya merikani ikachukua nafasi ya mkeka, jahazi la misumari likawa na faida ambayo hakuna mwenye mali angeweza kuikataa. Hakuna aliyeamua kuuacha mtepe. Kila mwenye chombo, kilipochoka chake, alikwenda kwa fundi kuagiza jahazi, na kufikia miaka ya 1930 mitepe ilikuwa imekwisha. James Hornell alipochapisha makala yake juu ya mtepe na dau la Lamu mwaka 1941, katika jarida la Mariner's Mirror, alikuwa anaandika wasifu wa marehemu.

Kilichobaki ni sampuli. Katika Makumbusho ya Lamu na ile ya Fort Jesus, Mombasa, unaweza kuiona mitepe midogo ya maonyesho. Mwaka 2003 Zanzibar iliunda mtepe mzima kwa ajili ya makumbusho ya Beit al-Ajaib, kazi ya kusifiwa sana, ila ilibidi itegemee sampuli, picha na maandishi ya wageni. Na hata nyumba yenyewe ya kumbukumbu haikuwa salama: tarehe 25 Desemba 2020 sehemu kubwa ya Beit al-Ajaib iliporomoka na kuua watu wawili.

Nimeusimulia mtepe kwa urefu kwa sababu jahazi la Lamu sasa linapita njia ile ile, na wengi wetu tunalitazama likipita huku tukilipiga picha.

Jahazi la Lamu lina sura yake. Mwanamaji wa kweli halichanganyi na la Unguja: gubeti lake husimama wima, na pande mbili za mbele hutiwa macho ya duara. A. H. J. Prins, Mholanzi aliyeandika kitabu Sailing from Lamu mwaka 1965, aliukuta ulimwengu wa vyombo hivi ukiwa bado mzima, na manahodha, mabaharia na mafundi wake. Kijiji cha Matondoni, upande wa magharibi wa kisiwa, ndicho kilichosifika kwa kuunda. Fundi wa Matondoni hana ramani ya karatasi. Hulaza mkuku mchangani, akasimamisha gubeti mbele na fashini nyuma, akapanga mbao na mataruma kwa jicho, kwa kamba na kwa dhiraa. Mataruma huchongwa kwa tezo kutoka mti uliopinda wenyewe, kwa kuwa uliopinda kwa asili hauvunjiki upesi. Kalafati ni pamba iliyoloweshwa mafuta, ikagongwa ndani ya nyufa. Chini ya maji chombo hupakwa shahamu na chokaa ili mchwa wa baharini asiingie, na juu ya maji hupakwa sifa, mafuta ya papa ambayo harufu yake utaitambua kabla hujaliona jahazi lenyewe.

Kazi hii yote ililipwa na biashara. Boriti za Lamu zilijenga nyumba za Mombasa na Zanzibar, zikavuka hadi Ghuba, ambako vyombo vilikuja na kaskazi vikiwa na tende na kurudi na kusi vikiwa na miti. Mwaka 1982 Kenya ilipiga marufuku kuuza boriti nje. Mwaka 2018 likaja katazo la kukata miti nchi nzima, na wakataji mikoko wa Lamu wakakaa bila kazi mpaka walipofunguliwa tena mwaka uliofuata. Mikoko ni ya kulindwa, hilo silipingi. Zaidi ya nusu ya mikoko ya Kenya iko Lamu, na samaki wetu huzaliwa humo. Ila kila katazo lilipotolewa, hakuna aliyehesabu majahazi yaliyobaki bila shehena. Barabara ya Garsen kwenda Lamu nayo ikatiwa lami, malori yakafika Mokowe, na boti za faiba zenye mashine zikachukua abiria. Gati la kwanza la bandari mpya ya Lamu lilifunguliwa tarehe 20 Mei 2021 kwa ajili ya meli kubwa za makontena. Jahazi limebakiwa na mchanga, mawe ya kujengea na watalii.

Hapo ndipo panapogawanya watu. Wapo wanaochukia kuona jahazi limewekwa mito na taa likatembeza wageni jua linapokuchwa, au kama lile la Tamarind kule Mombasa, limegeuzwa mkahawa. Mimi nasimama upande wa pili. Jahazi linalojilisha litatiwa kalafati kila mwaka, na fundi atakayeitwa kulitia atakuwa na kijana pembeni anayemshikia tezo. Jahazi lililohifadhiwa kwa heshima chini ya paa litakauka, mbao zitaachana, na baada ya miaka michache atahitajika mtu anayejua kulirekebisha. Atatoka wapi?

Wenzetu wa Sur, Oman, wametuonyesha kwamba kuhifadhi kunawezekana watu wenyewe wakitaka. Fatah al-Khair, chombo kikubwa cha aina ya ghanja kilichoundwa Sur mwaka 1951, kilikuwa kimeuzwa na kuishia Yemen. Mwaka 1993 watu wa Sur walikinunua, wakakirudisha kwao, wakakitengeneza, na leo kimesimama mjini kwao. Oman hiyo hiyo iliunda chombo cha kushonwa, Jewel of Muscat, kilichosafiri mwaka 2010 hadi Singapore kikiwa zawadi. Ghuba wana mafuta na sisi hatuna, hilo linajulikana. Lakini sisi tuna kitu wanachokitafuta kwa pesa, mafundi hai ambao hawajasahau.

Mmoja wao anajulikana dunia nzima. Ali Skanda wa Lamu ndiye aliyeongoza kuundwa kwa Flipflopi, chombo cha mita 9 kilichotengenezwa kwa plastiki iliyookotwa na kuvikwa vipande vya ndara. Kilishushwa majini Lamu Septemba 2018, na mwanzoni mwa 2019 kikasafiri kilomita 500 hadi Zanzibar. Wengi waliona pale habari ya takataka za baharini. Mimi niliona habari nyingine ndani yake: mkuku, mataruma na mbao za plastiki zilipangwa kwa elimu ile ile ya kuchongea miti. Elimu ikiwa hai hupata maada mpya ya kufanyia kazi. Elimu ya kushona mtepe ingekuwa hai mwaka 2003, Zanzibar isingelazimika kuanza na maandishi.

Mashindano ya mashua nayo ni hazina, na naomba yasidharauliwe kuwa mchezo wa sikukuu. Wakati wa Maulidi na wakati wa Tamasha la Utamaduni la Lamu, vijiji huingiza mashua zao, mabaharia wakatambaa juu ya ubao unaotoka nje ya ubavu ili kuizuia isipinduke, na ushindi huzungumzwa hadi mwaka unaofuata. Mashua ya mbio huchongwa kwa uangalifu kuliko ya uvuvi, na tanga lake hukatwa na mtu anayejua upepo. Zawadi, hata hivyo, humwendea nahodha na watu wake. Fundi aliyeiunda hatajwi.

Na sheria? Sheria ya Makumbusho ya Taifa na Urithi ya mwaka 2006 inailinda kwa jina milango ya kuchonga iliyotengenezwa kabla ya 1946. Ni sawa kabisa, maana milango ya Lamu ilikuwa inang'olewa na kuuzwa. Vitu vya kale inavitambua vile vya kabla ya 1895, na hakuna jahazi linalosafiri leo lenye umri huo, kwa kuwa chombo cha mbao hubadilishwa ubao mmoja mmoja mpaka baki lake la mwanzo likawa mkuku peke yake. Hivyo mlango uliokuwa ukifungwa na mwenye jahazi una ulinzi, na jahazi lililolipia mlango huo halina. Sheria hiyo hiyo inampa waziri uwezo wa kutangaza vitu vingine kuwa vya kulindwa. Utumike.

Kwa hiyo nawaomba watatu. Makumbusho ya Lamu ipime na kuandika, kwa Kiswahili na kwa majina ya mafundi wenyewe, kila jahazi kubwa lililobaki, kabla halijapasuliwa kuni. Serikali ya Kaunti iwalipe mafundi wa Matondoni kufundisha vijana, kama inavyolipa walimu wa vyuo vya ufundi, na katika mashindano yajayo zawadi ya fundi iwe sawa na ya nahodha. Na wewe mwenye chombo kilichochoka, uliyeanza kufikiria faiba: kabla hujaagiza, mwite fundi akiangalie mkuku. Ukiwa mzima, mbao zilizobaki zinabadilishika.